Kinywe kisiishie kwenye betri

Juu ya mapaa ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa yamekaa matanki meusi ya maji. Chini ya barabara za miji hiyohiyo zimelazwa kebo za umeme mkubwa, na kebo ya namna hiyo ikikatwa huonekana utando mwembamba, mweusi tii, uliouzunguka waya wa shaba au alumini. Tanki na utando huo ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Vyote viwili ni polithini, plastiki ambayo mitaani wengi huiita nailoni, iliyokorogwa pamoja na masizi ya kiwandani. Hata hivyo tanki halipitishi umeme, na utando unapitisha.

Kinachovitenganisha ni kiasi. Katika mabomba meusi ya maji, kiwango cha kimataifa kinataka masizi kilo 2 hadi 2.5 katika kila kilo 100, na kazi yake, kama kwenye tanki, ni kuikinga plastiki na jua lisiikaushe na kuipasua. Katika utando wa kebo masizi huweza kufika kilo 30 na zaidi, na kazi yake ni kuulazimisha ukubali umeme. Unga ni wa ukoo uleule, plastiki ni ya ukoo uleule, lakini kimoja kimebaki kizuizi na kingine kimekuwa njia.

Habari hii haiwahusu wahandisi peke yao. Tanzania ina akiba kubwa ya madini ya kinywe, ndugu wa karibu wa masizi, huko Mahenge, Ruangwa na Mirerani. Idara ya Jiolojia ya Marekani imekuwa ikiikadiria akiba hiyo kuwa tani milioni 18. Kila kinywe kinapotajwa, betri za magari ya umeme hutajwa papo hapo. Betri ni soko kubwa, na nchi haina sababu ya kulipa kisogo. Lakini upo mlango mwingine, mdogo zaidi na ulio karibu zaidi, ambao unastahili kugongwa leo: kukichanganya kinywe na plastiki hapahapa nchini, kisha kuuza mchanganyiko badala ya unga. Mlango huo haudai kiwanda cha mabilioni ya dola. Unadai maabara, mashine za ukubwa wa kati na watu wanaojua kupima.

Polithini yenyewe ilizaliwa kwa bahati. Machi 1933, katika maabara za kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson waliibana gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkali pamoja na kemikali nyingine. Walipokifungua chombo walikuta kitu cheupe kama nta. Uzalishaji wa kibiashara ulianza 1939, na miaka yote ya vita kitu hicho kilitunzwa kama siri, kwa kuwa hakuna kilichozihami nyaya za rada vizuri kuliko hicho.

Afrika Mashariki imeijua polithini kwa sura nyingine, ya mfuko wa rambo uliopigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Sifa iliyoipa heshima tangu mwanzo, hata hivyo, ni ukaidi. Umeme ukija haupiti. Joto likija hupita kwa shida: wati 0.3 hadi 0.5 kwa mita kwa kila digrii, wakati shaba hupitisha karibu wati 400.

Kinywe kina tabia ya kinyume. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuithibitisha kwa betri, taa ndogo ya tochi na penseli iliyochongwa ncha zote mbili. Risasi ya penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na taa itawaka. Wachimbaji wa tanzanite huko Mirerani wanakijua kwa ngozi zao. Mwamba unaobeba vito hivyo umejaa kinywe, nao hutoka shimoni wakimetameta kwa weusi.

Viwili hivi vikikutanishwa, mtu angedhani kwamba kila kijiko cha unga mweusi kinachoongezwa kitafungua njia ya umeme kidogo zaidi, kama sukari inavyozidi utamu kwenye chai. Mambo hayaendi hivyo.

Kwenye ujenzi wa ghorofa, vibarua hupanga mstari kwenye ngazi za miti wakipokezana makarai ya zege kutoka chini hadi juu. Wakiwa wachache, kila mmoja amesimama peke yake na zege haipandi. Aongezwe mmoja hapa na mwingine pale, bado haipandi, hata kama idadi yao imekuwa kubwa. Kisha anakuja kibarua mmoja, anasimama kwenye pengo la mwisho, na karai la kwanza linafika juu. Chembe za masizi ndani ya polithini hufanya vivyo hivyo. Zikiwa chache, kila moja imezingirwa na plastiki. Zikifikia kizingiti fulani hugusana, au husogeleana kiasi cha elektroni kuweza kuruka, na mnyororo hukamilika toka upande huu hadi upande ule. Hapo ukinzani wa umeme huporomoka mara bilioni na zaidi kwa nyongeza ya asilimia chache tu. Hesabu za tabia hii zilipewa msingi mwaka 1957 na Simon Broadbent na John Hammersley, Waingereza waliokuwa wakichunguza jinsi kitu cha majimaji kinavyopenya katika kitu chenye vinyweleo.

Kizingiti chenyewe huhamahama. Masizi ya kawaida hukifikia mara nyingi kati ya asilimia 10 na 25 ya uzito. Masizi ambayo chembe zake zina matawi mengi na uwazi ndani hukifikia kwa asilimia chache. Mirija ya kaboni, ambayo ni myembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara, inaweza kukifikia kwa asilimia 1 au pungufu ikitawanywa vizuri, kwa sababu kitu kirefu hugusa majirani wengi. Mkono wa mkorogaji nao una neno lake. Akikoroga kidogo, unga hubaki madonge na mnyororo haukamiliki. Akikoroga kupita kiasi, huvunja matawi na kukata mnyororo uleule anaoutafuta. Mpika ugali anaelewa jambo hili bila kufundishwa: unga mmoja, maji yaleyale, mikono miwili, na sufuria mbili tofauti kabisa.

Joto halikubali mfano wa makarai. Mtafiti anayepima joto huona mchoro unaopanda taratibu, bila kizingiti cha ghafla. Sababu ya kwanza ni ukubwa wa pengo. Kwa umeme, kinywe kinaishinda polithini zaidi ya mara bilioni ya bilioni; kwa joto kinaishinda kwa mamia hadi maelfu tu. Hivyo joto halilazimiki kungoja mnyororo, maana plastiki yenyewe hulipitisha kidogo. Sababu ya pili ni mipaka. Joto katika vitu hivi husafiri kama mtikisiko wa atomi, na mtikisiko unaotoka kwenye kinywe kigumu kuingia kwenye plastiki laini hupoteza nguvu mlangoni. Ni mkimbiaji aliyetoka kwenye lami akaingia mchanga wa ufukweni, akarudi kwenye lami, akakutana na mchanga tena. Ukinzani huo wa mpakani bado unaitwa kwa jina la Pyotr Kapitza, mwanafizikia wa Urusi aliyeupima na kuutangaza mwaka 1941 kati ya metali na heliamu ya majimaji.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Polithini iliyobeba kinywe theluthi moja ya uzito wake inaweza kuwa imevuka kizingiti cha umeme kwa kishindo, huku uwezo wake wa kupitisha joto ukiwa umeishia kwenye wati 1 hadi 3. Bado ni mara kadhaa ya plastiki tupu, na kwa kazi nyingi mara kadhaa zinatosha. Kasha la taa ya LED linatakiwa kuutoa moto wa taa bila kupata kutu. Bomba linalozikwa ardhini ili lipokee joto la udongo linataka ukuta usiozuia. Kifaa cha kupozea kwa maji ya bahari kinatafunwa na chumvi kikiwa cha chuma, na ukanda wa pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara unaijua vyema kazi ya chumvi kwenye mabati na bolti.

Polithini ina uwezo uliojificha pia. Mwaka 2010, Gang Chen na wenzake wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza kwamba wameuvuta uzi mwembamba sana wa polithini mpaka minyororo yake ya molekuli ikanyooka upande mmoja, nao ukapitisha joto wati 104 bila unga wowote ndani yake, ukiwa bado ni kihami cha umeme. Somo lililomo ni kwamba mpangilio wa ndani una uzito sawa na kinachoongezwa.

Kazi zilizokwisha kufanywa duniani kwa mchanganyiko huu zinaonyesha jinsi ujuzi wa kupima unavyogeuka kuwa bidhaa. Mfano mzuri ni fyuzi inayojirudisha yenyewe. Ndani yake mna polithini iliyojazwa masizi kupita kizingiti kidogo tu, hivyo umeme hupita. Mkondo ukizidi, kipande kile hupata moto. Kikikaribia nyuzijoto 125, sehemu za polithini zilizojipanga kama fuwele huyeyuka, plastiki hutanuka, chembe za masizi huachana mikono na ukinzani hupanda kwa maelfu ya mara au zaidi. Umeme hukatika. Hitilafu ikiondolewa na kipande kikapoa, chembe hukamatana tena. Kampuni ya Raychem ya California iliufanya ujanja huu kuwa biashara kubwa, kwanza kwa kebo za kupasha joto zinazojidhibiti zenyewe, zinazozuia mabomba yasigande nchi za baridi, baadaye kwa fyuzi. Leo fundi anayefungua betri ya simu au mlango wa gari wenye kioo cha umeme anaweza kukutana na kipande hicho. Alichokifanya mbunifu wake ni kuupima ule ukingo ambapo mnyororo unakaribia kukatika, na kuuza ukingo huo.

Mfano wa pili uko kwenye madumu. Petroli inapomiminwa kwenye chombo cha plastiki ya kawaida, msuguano huzaa chaji, na plastiki, kwa kuwa ni kihami, haiipi pa kwenda. Cheche moja katika mvuke wa petroli inatosha. Ndiyo maana viwanda vinavyoshughulika na vimiminika vya kulipuka hutumia vyombo na mabomba ya polithini iliyotiwa unga wa kupitisha umeme, ambayo huunganishwa na ardhi ili chaji iondoke polepole. Afrika Mashariki, ambako petroli ya bodaboda bado huuzwa kwenye madumu na chupa vijijini, ina sababu ya moja kwa moja ya kulifahamu jambo hili.

Mfano wa tatu ni ule utando wa kebo. Waya wa shaba uliosokotwa una mabonde na milima. Bila utando, nguvu za umeme hukusanyika kwenye vilele na kuitoboa polithini iliyo pembeni. Utando mweusi huyafunika mabonde hayo na kuusambaza mzigo sawasawa. Zamani, katika kebo za polithini za miaka ya 1960 na 1970, kazi hiyo ilifanywa na vitambaa na rangi ya kinywe. Nyingi za kebo hizo zilikufa kabla ya umri uliotarajiwa. Unyevu uliingia, ukajenga ndani ya plastiki michirizi yenye umbo la matawi, ambayo wahandisi huiita miti ya maji, na mwisho wake ni mlipuko. Tiba ilikuwa kuzitoa tabaka tatu, yaani utando, kihami na utando, kwa pamoja kutoka kichwa kimoja cha mashine, na kutumia masizi safi zaidi, yenye chumvi na majivu kidogo. Hata sasa, fundi anayeunga kebo akiacha alama nyembamba ya weusi mahali pasipofaa, au akikwaruza kihami kwa kisu, ametega hitilafu itakayolipuka baada ya miezi au miaka.

Zanzibar inajua kebo ina maana gani. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara kwa sababu ya hitilafu katika kebo ya baharini iliyokuwa ikitumika tangu 1980. Pampu za maji zilisimama, hoteli ziliishi kwa jenereta, wavuvi walikosa barafu. Mwaka 2013 kebo mpya ya kilovolti 132, yenye uwezo wa megawati 100, ilizinduliwa kati ya Ras Kiromoni, upande wa bara, na Fumba, upande wa Unguja. Kisiwa kizima kinategemea njia kama hiyo, na uhai wa kebo huamuliwa na tabaka ambazo unene wake hupimwa kwa milimita.

Mifano hiyo mitatu ni ya umeme, lakini somo lake, kwamba ujuzi wa kupima ndio unaouzwa, linakihusu kinywe kwenye joto pia. Kwa joto, adui ni mipaka. Kadiri gamba la kinywe, yaani kipande chake bapa, linavyokuwa pana, ndivyo mtikisiko unavyosafiri mbali kabla ya kukutana na plastiki. Mahenge inajulikana kwa magamba yake makubwa. Hiyo ni faida iliyowekwa na jiolojia, lakini inapotea kwa urahisi, maana mashine ya skrubu mbili inayoyeyusha na kukoroga plastiki ikiendeshwa vibaya huyasaga magamba hayo hadi yakawa vumbi lisilo na tofauti na la kwingine. Anayejua kuyalinda ndani ya mashine ana kitu cha kuuza. Asiyejua ana mchanga mweusi wa bei ya juu.

Ukweli mwingine lazima usemwe wazi. Utando wa kebo za umeme mkubwa si mahali pa kuanzia. Unataka masizi safi sana na uso laini kama kioo, na kosa lake hugharimu mno. Mahali pa kuanzia ni panaposamehe: mabomba ya kupokea joto, makasha ya taa, mikeka na vyombo vya kuondoa chaji kwenye maghala na karakana.

Wapo watakaosema polithini yenyewe haitengenezwi nchini, na kwamba gesi ya Songo Songo haisaidii kwa kuwa karibu asilimia 97 yake ni methani, wakati ethilini hutoka kwa wepesi kwenye ethani. Ni kweli. Lakini mikate ya Dar es Salaam nayo huokwa kwa ngano ambayo sehemu kubwa hutoka nje, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo mikate iagizwe imeshaokwa. Punje za polithini hununuliwa popote duniani. Kinywe cha magamba makubwa hakipatikani kila mahali, na China, inayotawala usafishaji wa kinywe duniani, iliweka vibali vya kukisafirisha kuanzia Desemba 2023. Wanunuzi wanatafuta pengine pa kwenda.

Wapo pia watakaosema soko la plastiki yenye kinywe ni dogo likilinganishwa na la betri. Udogo huo ndio unaolifanya lifae kujifunzia. Kiwanda cha kinywe cha betri kinataka kemikali kali, umeme mwingi na mnunuzi aliyetia saini kabla ya jiwe la msingi. Mashine moja ya kukoroga plastiki inaingia kwenye karakana ya chuo, na sampuli iliyoharibika inasagwa upya. Mhandisi aliyejifunza humo kupima ukubwa wa gamba, usafi, unyevu na mtawanyiko atakuwa tayari siku kiwanda cha betri kitakapokuja, kwa sababu vipimo hivyo vinahitajika huko pia.

Sheria tayari imesimama upande huu. Tangu 2017, sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake inazuia rasilimali ghafi kupelekwa nje zikaongezewe thamani huko. Udhaifu uko kwenye tafsiri. Kuosha mwamba, kuutenga unga na kuujaza kwenye magunia ni hatua muhimu, lakini ni hatua ya kwanza, na ni kosa kuichukulia kuwa ya mwisho.

Pendekezo la makala haya ni dogo na linapimika. Kila mkataba wa kinywe unaosainiwa au kuhuishwa uwe na kifungu kinachomtaka mchimbaji atenge tani chache kila mwaka, za ukubwa wa magamba unaojulikana, na kuzikabidhi bure kwa maabara za nchi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, na shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO. Serikali inunue mashine za skrubu mbili na vifaa vya kupima joto na ukinzani. Shirika la Viwango, TBS, lipokee matokeo na kuandaa viwango vya vyombo vya plastiki vya kuhifadhia mafuta na vya bidhaa za kupitisha joto.

Kazi ya mwaka wa kwanza inajulikana. Wanafunzi watengeneze vibao vya polithini vyenye kinywe asilimia 5, 10, 15, 20 na kuendelea, kimoja kutoka Mahenge, kingine Ruangwa, kingine Mirerani. Wavipime umeme, joto na uimara, kisha wachore michoro mitatu kwenye karatasi moja, wakionyesha kizingiti cha kila eneo kiko wapi na joto linapanda kwa mwinuko gani. Karatasi hiyo iwe mezani siku mwekezaji anayefuata atakapokuja kuuliza bei ya tani.